Ngome ya Kaiza na Rupia ya Bibi

Kamwene!

Naona waliotoka Mufindi wameitika kwa sauti kuliko wa mjini. Haya, vizuri. Mkuu wa chuo, walimu wenzangu, na nyinyi wanangu mnaosomea kuongoza watalii, ahsanteni kwa kuniita. Nilifundisha historia mpaka nikastaafu, na mwalimu mstaafu ukimpa kipaza sauti umejitakia mwenyewe. Mkiniona napitiliza muda, mtu agonge meza.

Kabla sijaanza nina kitu nataka kizunguke humu ndani. Hii ni rupia. Ni ya fedha, fedha kweli, ya mwaka 1892, mwaka mmoja tu baada ya Wahehe kumshinda Mjerumani pale Lugalo. Alikuwa nayo bibi yangu mzaa baba. Aliitoboa tundu akaifunga uzi, akawa anaivaa shingoni siku za harusi. Anza nayo wewe binti wa mbele, itazame pande zote, umpe mwenzako. Upande mmoja mtaona simba na mti. Upande wa pili kuna mwanamume mwenye masharubu, kavaa kofia ya chuma, na juu ya kofia ametua tai. Huyo ni Wilhelm II, Kaiza wa Ujerumani. Mtazameni vizuri, maana leo nawapeleka kwake.

Binti yangu anaishi Strasbourg, mashariki kabisa ya Ufaransa, jirani na mpaka wa Ujerumani. Mwaka jana akanikatia tiketi nikamtembelee. Siku ya tatu akaniuliza, "Baba, unataka kuona nini huku?" Nikamwambia chochote kile isipokuwa maduka. Akanipeleka kwenye ngome.

Tulipanda treni hadi mji mdogo unaoitwa Sélestat, halafu basi. Barabara inapita mashamba ya mizabibu, kisha inaingia msituni na kuanza kupinda kama ya Kitonga, ila huku hakuna malori yaliyofeli breki. Jina la ngome ni Haut-Kœnigsbourg. Msijisumbue kulitamka, hata Wafaransa linawapa shida, kwa sababu ni jina la Kijerumani lililovalishwa koti la Kifaransa. Maana yake ni ngome ya mfalme iliyo juu. Iko kwenye kilele cha mita 757 kutoka usawa wa bahari. Binti yangu akaniambia, "Baba, pole pole, huu ni mlima." Nikamwambia, mwanangu, umesahau ulikozaliwa? Mji wa Iringa wenyewe uko juu mara mbili ya hapo, na tunakwenda sokoni kila siku.

Tulipofika kulikuwa na ukungu. Mtu umesafiri usiku kucha kwenye ndege, umevuka bahari, halafu unakuja kuona ukungu wa Mufindi! Nikakaa kwenye benchi nikanywa chai yangu ya chupa. Baada ya kama saa moja upepo ukaanza, na kitu cha kwanza kutokeza juu ya wingu kilikuwa mnara. Mawe yake yana rangi ya nyama ya samaki aina ya salmoni, au tuseme rangi ya tofali la kuchoma lililoiva nusu. Ni jiwe la mchanga la milima ile ya Vosges. Na kwenye ncha ya paa la mnara, sijui kama mtaniamini, kulikuwa na tai.

Nikaingiza mkono mfukoni. Ile rupia nilikuwa nayo.

Sasa niwape historia yake kwa ufupi, kisha tuingie ndani. Mahali pale pametajwa kwenye maandishi mwaka 1147. Waliojenga walikuwa ukoo wa Hohenstaufen, watawala wakubwa wa Ujerumani ya wakati huo, na hawakupanda kule juu kutafuta hewa safi. Ukisimama ukutani siku ya jua unaona bonde lote la mto Rhine, na ng'ambo yake Msitu Mweusi wa Ujerumani. Chini hapo ndipo zilipopita njia za divai na ngano, na njia za fedha na chumvi. Mwenye kilele ndiye mwenye njia, na mwenye njia anatoza. Mnaijua habari hiyo. Misafara ya pembe za ndovu ilipita Uhehe kwa hesabu ileile.

Karne ya 15 ngome ikawa pango la majambazi wenye vyeo, mabwana wanaopora wasafiri. Miji ya jirani ikachoka, ikaungana, na mwaka 1462 ikaichoma. Mwaka 1479 ukoo wa Thierstein ukakabidhiwa magofu, ukajenga upya kwa kuta nene, kwa sababu mizinga ilikwisha kuingia vitani na ukuta mwembamba haukufaa tena. Halafu ikaja Vita ya Miaka Thelathini. Mwaka 1633 askari wa Sweden wakaizingira ngome siku 52, wakaiteka, ikapigwa moto. Baada ya hapo ikaachwa. Zaidi ya miaka 200 hakukuwa na mwenyeji mle ila popo na miti iliyoota sebuleni.

Mwaka 1871 Ujerumani ikaishinda Ufaransa na kulichukua jimbo lile la Alsace. Mwaka 1899 mji wa Sélestat, ambao ndio uliokuwa umeyanunua magofu, ukamzawadia Kaiza. Ni zawadi ya akili sana hiyo. Gofu linakula fedha za matengenezo, na wao hawakuwa nazo. Ukimpa mfalme, ni mzigo wa mfalme. Kaiza akafurahi. Akamwita msanifu majengo kutoka Berlin, Bodo Ebhardt, na kuanzia 1900 hadi 1908 wakaijenga yote, kuanzia lango mpaka yule tai. Fedha iliyotumika ilipita marki milioni mbili.

Shikeni hiyo miaka, 1900 hadi 1908. Nitairudia.

Twende ndani. Unaingia kwa lango lenye daraja la kunyanyuliwa, unatokea ua wa chini wenye kiwanda cha mhunzi na kinu. Unapanda ngazi, unapinda, lango jingine. Unapanda tena, lango jingine. Adui aliyefika pale akiwa na chuma mwilini alikuwa keshachoka kabla hajarushiwa jiwe la kwanza. Kuna kisima kimezungushiwa mnara wake mwenyewe, kina chake kinapita mita 60, kimechimbwa kwenye mwamba mtupu. Nilichungulia nikaona giza tu na baridi ikanipiga usoni. Waliochimba kile kisima hawakuandikwa majina mahali popote. Wenye ngome wameandikwa wote.

Ndani kabisa kuna ua mdogo, umezungukwa na vibaraza vya mbao na ngazi ya kuzunguka. Kuna jiko lenye meko mbili ambazo ungeweza kuchomea ng'ombe mzima. Kuna vyumba vyenye majiko marefu ya vigae vilivyong'arishwa rangi ya kijani, yanagusa dari karibu. Yale ndiyo yaliyopasha watu joto. Kuna ukumbi wa silaha, mikuki na panga na pinde za chuma. Mwisho kabisa, upande wa magharibi, kuna boma la mizinga lenye minara miwili ya mviringo. Watu wanapiga picha sana pale. Mimi miguu ilinituma nikae.

Kiswahili chetu, kwa njia, kina ngome, kina kasri na kina boma, na nilitembea mle nikijiuliza lipi linafaa. Kwa kuta ni ngome. Kwa vyumba ni kasri. Kwa aliyeijenga upya na sababu yake, wazee wangu wangesema boma la Mjerumani, na wangekuwa hawajakosea.

Sasa jambo lililonifanya nikubali mwaliko wenu. Tulikuwa kundi la watu kama 20 na mwongozaji wetu alikuwa mama wa makamo, mwenyeji wa vijiji vya chini pale. Alitusimamisha mbele ya ukuta wa kawaida kabisa, hauna picha wala silaha. Akasema tusogee, tutazame. Mawe ya chini yalikuwa makubwa, yamevimba katikati, kila moja lina kishimo kidogo usoni. Akasema kishimo hicho ni cha koleo: waliliuma jiwe kwa koleo la chuma wakalipandisha kwa kamba. Mawe hayo ni ya kale. Akainua mkono kama futi mbili juu ya kichwa chake, akasema, "Kuanzia hapa ni Ebhardt."

Akanyamaza. Watu wakatazama chini, wakatazama juu. Mtoto mmoja akauliza, kwa hiyo mfalme aliishi hapa? Yule mama akacheka, akasema hapana, wala haikukusudiwa aishi. Kaiza aliijenga iwe makumbusho tangu mwanzo. Alikuwa anakuja kuitazama, anazunguka, anaondoka.

Nimeongozwa mahali pengi katika maisha yangu, na sijapata kuona mtu anayepata mshahara wake kwa kazi ya kuonyesha wageni akiwaambia kwamba sehemu kubwa ya wanachokiona ina umri wa miaka 100 na kidogo. Nilidhani watu watanung'unika. Badala yake walianza kuuliza maswali! Kila chumba tulichoingia, mtu anauliza, hili ni la chini au ni la Ebhardt? Wakawa wanatazama kwa macho yao. Kabla ya hapo walikuwa wanatazama kwa simu.

Naye Ebhardt tumpe haki yake. Hakuwa mbabaishaji. Alifukua vifusi, akakusanya vipande vya vigae na vyuma, akapima, akachora, akapiga picha kila hatua. Majengo mengi mle yako karibu sana na yalivyokuwa karne ya 15, kwa kadiri mawe yalivyomruhusu kujua. Shida ni pale mawe yaliponyamaza. Mnara mkuu ulikuwa umebaki kisiki. Wapo wataalamu wa ngome wa wakati uleule waliomshambulia wakisema ameurefusha kupita kiasi. Lakini mwenye kulipa alitaka mnara unaoonekana kutoka bondeni, na bondeni palikuwa pamejaa watu waliokuwa Wafaransa juzi tu. Kwa hiyo kila palipokuwa na shaka, shaka iliamuliwa kwa faida ya Kaiza.

Ukitaka ushahidi ingia ukumbi wa karamu. Ebhardt aliunganisha orofa mbili kupata dari la juu, na darini mchoraji wa Alsace, Léo Schnug, akachora tai mkubwa wa dola ya Ujerumani, amefunika karibu dari zima. Hakuna bwana wa karne ya 15 aliyekula chini ya tai yule. Yule ni wa 1900 na kitu, amevishwa nguo za kale. Na Kaiza alikuwa na ngome nyingine ya enzi hizohizo iliyokuwa ikikarabatiwa upande wa mashariki, Marienburg, ambayo leo iko Poland na inaitwa Malbork. Moja mashariki, moja magharibi. Unaona mwenye shamba anavyosimika mawe ya mpaka? Ndiyo hiyo.

Siku ya kuifungua, tarehe 13 Mei 1908, kulikuwa na maandamano ya watu waliovaa mavazi ya kale, farasi, tarumbeta, wageni mashuhuri, na Kaiza mwenyewe. Mvua ikanyesha. Ilinyesha mvua ya kumwaga ndoo, mabango yakalowa, manyoya ya kofia yakalala. Kulikuwa na mchora vibonzo wa mji wa Colmar aliyejiita Hansi, hakumpenda Mjerumani hata kidogo, naye akajichekea sherehe ile kwa kalamu mpaka watu wakaikumbuka mvua kuliko hotuba. Sisi tunasema mvua ni baraka. Nadhani siku ile ilikuwa baraka ya Hansi.

Sasa nairudia ile miaka. 1900 hadi 1908.

Mwezi Julai 1905 Wamatumbi waling'oa pamba ya Mjerumani, na Maji Maji ikaanza. Agosti 1905 Kinjikitile Ngwale akanyongwa. Februari 1906, Songea, wakanyongwa Nkosi Mputa Gama na wenzake kwa makumi. Vita ilipokwisha 1907 maghala yalikuwa yamechomwa makusudi, na njaa ikamaliza waliobaki. Makadirio ya watu waliokufa hufika 300,000. Sisemi kwamba kodi ya kibanda waliyotozwa babu zetu ndiyo iliyonunua mawe ya Alsace. Fedha ile ilitoka hazina ya dola na hazina ya jimbo lenyewe, na mwongozaji akidanganya kwa uchungu bado amedanganya. Ninachosema ni kwamba ilikuwa saini moja. Mtu mmoja, kwenye meza moja, anapokea ripoti ya fundi kwamba paa limekamilika, na ripoti ya gavana kwamba nchi imetulia.

Kisha kuna Kalenga. Mkwavinyika, Mkwawa wetu, mtawala wa Wahehe, alijenga pale ngome ya mawe, Lipuli. Vijana wengine humu nikisema Lipuli wanafikiria mpira, na siwalaumu. Tarehe 30 Oktoba 1894 majeshi ya Mjerumani yaliivunja. Mkwawa akatoka, akapigana msituni miaka karibu minne, na Julai 1898 akajipiga risasi kuliko kukamatwa. Wakachukua kichwa. Mwaka uliofuata, 1899, mtawala aliyeimiliki nchi iliyovunjiwa ngome Kalenga anapokea gofu la ngome kama zawadi, na moyo unamwenda mbio kwa mapenzi ya vitu vya kale.

Huyu bwana alipenda sana vilele. Tangu 1889 kilele cha Kilimanjaro kilikuwa kimeandikwa jina lake, na hakuwahi kupanda hata kufika Marangu. Jina hilo tulilifuta 1961 tukaandika Uhuru. Hela, hata hivyo, tumebaki nayo. Ndiyo, hela! Ni Heller, sarafu yake ndogo, iliyoletwa huku miaka ileile ya ujenzi. Kila ukimwambia mwenye nyumba huna hela, unazungumza Kijerumani.

Kuna uzi mwingine ambao nilikuwa naujua nusu nusu mpaka nilipokuwa pale. Kaiza alishindwa vita, Novemba 1918 akakimbilia Uholanzi, akafia hukohuko mwaka 1941. Mwaka 1919 ukatiwa saini Mkataba wa Versailles. Kwa mkataba huo Ufaransa ikaipata ngome. Kwa mkataba huo Ujerumani ikavuliwa makoloni yote, sisi tukiwemo. Na ndani ya mkataba huohuo mna kifungu cha 246 kinachosema Ujerumani irudishe, ndani ya miezi sita, fuvu la Sultani Mkwawa. Sentensi iliyo juu yake inadai msahafu wa Khalifa Othman, uliotolewa Madina na inayosemekana alizawadiwa Kaiza. Fikirieni. Mataifa makubwa yamekaa Paris yanagawana ulimwengu, meli, reli, makaa ya mawe, na katikati ya kurasa zote hizo pana jina la mtu wa Kalenga.

Ngome ilibadili mwenyewe mara moja, kwa sababu ngome haihami. Fuvu lilisubiri hadi 1954. Gavana wa Mwingereza huku Tanganyika, Edward Twining, alikwenda Bremen, Ujerumani, akakuta kwenye makumbusho mafuvu mengi, akachagua moja kwa kulinganisha vipimo na vya watu wa ukoo. Juni 1954 akalikabidhi kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, na ndilo mnalowaonyesha wageni pale Kalenga. Wapo watafiti wanaotilia shaka kama ni lenyewe. Nalisema hili kwa heshima zote kwa ukoo, na nimelisema mbele ya wazee pia. Kuanzia hapa ni Mkwawa, kuanzia hapa ni Twining. Mgeni akiuliza, na atauliza kwa sababu amesoma kwenye simu akiwa kwenye gari, usimkasirikie. Mweleze jinsi lilivyochaguliwa. Mweleze pia walivyopiga magoti watu siku liliporudi kama uliwahi kuhadithiwa na mtu aliyekuwepo, na kama hukuhadithiwa, acha.

Baadhi yenu mliniuliza wakati wa chai asubuhi kwa nini tusijenge upya ukuta wa Lipuli. Watalii wangeongezeka. Ni kweli wangeongezeka. Ile ya Alsace inapokea watu kama nusu milioni kwa mwaka, na wengi wasingepanda kwenda kuona kisiki. Siwezi kukudharau wewe unayefikiria ajira. Lakini mwaka 1964 wataalamu walikutana Venice wakaandika hati ambayo wakarabati wa dunia wanaitumia mpaka leo, na ndani yake kuna sharti kwamba ukarabati ukome pale kukisia kunapoanza. Sisi tuna mawe mangapi ya Lipuli yaliyobaki mahali pake? Tukimaliza kuyapanga hayo, mita zitakazofuata tutakuwa tunajenga ukuta wa nani? Mimi napendelea msingi ulio wazi na mtu anayejua kusimulia. Wapo wenzangu hawakubali, na mmoja amekaa pale nyuma anatikisa kichwa. Tutabishana kwenye wali.

Lakini mzee anayewahubiria ukweli na yeye ana lake. Miaka ya themanini nilikuwa napeleka wanafunzi Kalenga kwa lori. Njiani tulikuwa tunapumzika kwenye jiwe moja bapa, na mtoto mmoja wa kidato cha pili akaniuliza, mwalimu, hili jiwe ni la nini? Nilikuwa nimechoka, nina njaa. Nikamwambia, hapa ndipo Mkwawa alipokuwa anakaa akitazama askari wake wakifanya mazoezi. Wakafurahi sana, wakapokezana kukaa. Mwaka uliofuata nikasema tena, nikaongeza kwamba alikuwa anakaa na mbwa wake. Mbwa nilimtoa wapi, sijui.

Miaka mingi baadaye, nimeshastaafu, nikapita pale na wageni wa kanisani. Kijana mwongozaji, mtanashati, ana kitambulisho shingoni, akatusimamisha. "Kwa mujibu wa masimulizi ya wazee," akasema, "hiki ni kiti cha Mtwa Mkwawa, na mbwa wake alikuwa analala hapa upande wa kushoto." Nikataka ardhi ipasuke. Mzee aliyesimulia ni mimi! Nilimwita pembeni nikamwambia. Hakuniamini. Alinitazama kwa huruma kama mtu aliyezeeka vibaya, akaniambia, babu, hii ni historia, imethibitishwa. Na wageni wangu walikuwa wameshakaa kwenye jiwe wanapigwa picha.

Ndiyo maana nilisimama muda mrefu mbele ya ule ukuta wa Alsace. Kaiza alihitaji miaka minane na marki milioni mbili kutengeneza kiti chake. Mimi kilinigharimu njaa ya mchana mmoja.

Nimalizie na ukumbi ule wa tai. Mbele ya meko kuna kiwambo cha chuma, na juu yake kuna maneno ya Kijerumani. Wageni wengi hupita wakiwa wanatazama dari. Yule mama akatuonyesha akatusomea: *Sikutaka iwe hivi.* Ni maneno ya Kaiza kuhusu ile vita kuu. Kundi likanyamaza kidogo, mzee mmoja wa Kijerumani akakohoa, tukaendelea kwenye ukumbi wa silaha.

Wenzangu walipotoka kwenda duka la zawadi nilibaki nyuma, nikamwonyesha ile rupia. Aliichukua kwa ncha za vidole, akaipeleka dirishani kwenye mwanga, akaigeuza. Akaitazama kofia, akatazama dari. Binti yangu akawa anatafsiri. Akauliza tundu ni la nini, nikamwambia la uzi, bibi yangu aliivaa akicheza ngoma. Alicheka sana! Akasema huyu bwana angekasirika. Nikamweleza habari ya Kalenga na kifungu cha 246. Kifungu cha ngome yao alikuwa anakijua. Hicho kingine hakuwahi kukisikia, na amefanya kazi mle muda mrefu. Akatoa kalamu, akageuza tiketi yangu upande wa nyuma, akaniuliza jina linaandikwaje. Nikamtajia herufi moja moja. Akaniuliza, w ngapi? Mbili, nikamwambia. Akaiandika, akaiweka mfukoni, akanirudishia rupia.

Naam. Sasa jamani, rupia yangu imefika kwa nani?